Zege la Majivu na Kifusi: Nani Atalimwagilia?



Nimepewa swali lenye pande mbili. Je, zege lililochanganywa na taka linapunguza uharibifu wa mazingira? Na je, litadumu? Jibu langu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka aondoke nalo. Ndiyo, linapunguza, na linaweza kudumu kuliko zege mnalolijua. Ila linadai uangalizi ambao saiti zetu nyingi hazijautoa hata kwa zege la kawaida. Muda uliobaki ni wa kueleza kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na saruji, maana lawama kubwa ni yake. Katika mzigo wa zege, kokoto na mchanga ndio wengi. Lakini hewa ukaa karibu yote imetoka kwenye saruji. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kila mwaka, na kazi hiyo peke yake hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Anayepita Wazo Hill au Athi River akaona mabomba ya kiwanda hudhani tatizo ni mafuta yanayochomwa. Mafuta yamo, lakini si sehemu kubwa zaidi. Kiwanda huchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo mpaka nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe likipata moto huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu lilipokuwa makombe na matumbawe baharini. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya saruji inatoka ndani ya jiwe. Hata tukiwasha tanuri kwa jua la Dodoma, hiyo asilimia 60 itabaki palepale.

Kinachotoka tanurini huitwa klinka, vidonge vyeusi vinavyosagwa pamoja na jasi kidogo kuwa saruji. Kila tani ya klinka huja na hewa ukaa ya kilo 850 au karibu na hapo. Mita moja ya ujazo ya zege la nguzo hula mifuko 6 au 7 ya saruji. Pigeni hesabu ya ghorofa moja tu la Kariakoo mtaona ninachosema. Basi njia iliyo wazi kuliko zote ni kupunguza klinka katika mfuko na kuweka kitu kingine kinachofanya kazi ileile. Hapo ndipo taka inapoingia.

Na hapo pia ndipo tunapoteleza, kwa sababu tunasoma vitabu vya watu wengine. Fungueni kitabu chochote cha Marekani au Uingereza kuhusu zege la taka: kitawaambia mtumie majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, au mabaki ya tanuri za chuma. Kwao ilikuwa sawa. Bwawa la Hungry Horse kule Montana, lililojengwa kati ya 1948 na 1953, lilimwagwa kwa zege lenye majivu ya makaa, kwa sababu majivu yalipunguza joto linalopasua zege nene. Lakini sisi majivu hayo tuyapate wapi? Kenya ilitaka kujenga mtambo mkubwa wa makaa Lamu, na mwaka 2019 mahakama ya mazingira ikafuta kibali chake. Uingereza yenyewe ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa Septemba 2024. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeandika tasnifu juu ya majivu ya makaa anaagiza taka kutoka nje, jambo ambalo mimi sijaelewa hekima yake. Walimu, tusameheane, lakini mada hizo tumezigawa sisi.

Tuna vya kwetu. Ili tuvipime lazima tujue kinachotokea ndani ya zege, nami nitakieleza mara moja tu.

Saruji ikikutana na maji hutengeneza vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni gundi, ile inayoshika mchanga na kokoto. Cha pili ni chokaa isiyoshika kitu, inayoweza kufikia robo ya saruji iliyoganda. Chokaa hii haiongezi nguvu yoyote ya maana, na maji yakipenya huiyeyusha na kuacha vinjia. Sasa, kuna vitu vyenye silika ambayo haijajipanga kuwa fuwele. Vikisagwa laini na kukaa majini pamoja na chokaa hiyo, huila na kuigeuza gundi nyingine. Vitu hivyo huitwa pozolana, kutokana na mji wa Pozzuoli nchini Italia ambako Warumi walichimba majivu ya volkano. Taka iliyo pozolana haijazi nafasi tu ndani ya zege. Inafanya kazi, inaziba vinjia, na zege linakuwa gumu kupenyeka. Kazi hiyo lakini ni ya polepole na haifanyiki pakavu. Nitalirudia hili mpaka mlichoke.

Jirani zetu wa Omani waliijua kazi hiyo zamani. Walichoma udongo wa mfinyanzi kwa magogo ya mtende, wakausaga, wakapata kile wanachokiita sarooj, wakapaka mifereji ya maji, yaani aflaj, na kuta za ngome. Mifereji mitano kati ya hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Huku kwetu, Kilwa Kisiwani, mafundi walijenga Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Kuta zake zimekula upepo wa chumvi kwa miaka zaidi ya 600.

Ila naomba msinitumie Kilwa kama hoja ya kwamba wazee walijua na sisi hatujui. Nimechoka kuisikia. Kuta za Kilwa hazina nondo. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, halina nondo. Jengo lisilo na chuma halina cha kushika kutu, na likiwa nene vya kutosha litasimama mpaka watu waamue kulibomoa. Sisi tumetia chuma ndani ya zege ili tupande juu na tuvuke mito, na tangu hapo maisha ya zege yamekuwa maisha ya nondo.

Sasa tuziangalie taka zetu. Nitakaa zaidi kwenye mpunga kwa kuwa ndio unaosifiwa sana.

Tani moja ya mpunga huacha pumba za takriban kilo 200. Pumba hizo zikiungua huacha majivu ya kilo 40, na majivu yakichomwa ipasavyo huwa na silika ya asilimia 85 hadi 95. Profesa P. Kumar Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba majivu ya namna hiyo ni pozolana kali mno. Lakini moto wake una masharti. Ukizidi sana nyuzi 700, silika hujipanga kuwa fuwele na kulala; haili chokaa tena. Ukiwa hafifu, majivu hubaki meusi kwa kaboni. Nendeni kwenye mashine za kukoboa za Mbarali, Kahama au Mwea mkatazame chungu za pumba zinazofuka moshi siku nzima: katikati moto umezidi, pembeni haujatosha. Ukichota debe moja pale huna habari umechota nini. Pumba zinazochomea matofali ni vilevile, kwa sababu anayechoma tofali anataka moto mkali na ana haki ya kuutaka.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi mtalielewa haraka kuliko maprofesa. Majivu ya mpunga yana vitundu vingi na yanakunywa maji. Zege linakuwa gumu, halimwagiki. Saidia fundi anafanya nini? Anaongeza ndoo. Na kila ndoo iliyozidi huacha nafasi tupu maji yanapokauka, kwa hiyo nguvu yote tuliyoitafuta kwenye majivu imeondoka na ndoo ile. Dawa ya kulainisha zege ipo madukani, na majivu ya mpunga hayapaswi kutumika bila hiyo. Sijaona mtu wa mitaani anayeinunua kwa ajili ya nyumba yake.

Halafu kuna hesabu, na hesabu haina upendeleo. Chukueni mavuno ya mpunga ya tani milioni 2 kwa mwaka, kiasi ambacho Tanzania huvuna na kukizidi. Hata pumba zote zikikusanywa na kuchomwa vizuri bila kupotea debe moja, tutapata majivu ya tani 80,000. Saruji tunayoitumia nchini huhesabiwa kwa mamilioni ya tani. Kwa hiyo majivu ya mpunga ni ya Mbarali na Kahama, kwa matofali ya shule na karo za vyoo vya palepale, na yanafaa kweli. Anayewaambia yatabadilisha sekta ya saruji ya taifa hajapiga hesabu. Watu husema kuyasafirisha kwa lori mpaka Dar kutatoa moshi wote ulioepukwa. Hilo nalo si kweli, maana tani moja ikisafirishwa kilomita 800 haitoi zaidi ya sehemu ndogo ya zile kilo 850 za klinka. Kinachoua safari hiyo ni bei ya lori.

Majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari yana matatizo yaleyale: moto uliozidi, kaboni iliyobaki, na udongo wa shambani juu yake. Yachujwe, yasagwe, yapimwe. Siyapi muda zaidi.

Penye wingi wa kweli ni kwenye volkano na udongo, ingawa hizo si taka hasa. Kiwanda cha saruji cha Mbeya kilichopo Songwe kimekuwa kikichanganya pozolana ya volkano, na viwanda vya Athi River vinafanya hivyo kwa ile ya Bonde la Ufa. Mkenya anayenunua mfuko wa bei nafuu, mara nyingi ameshanunua pozolana bila kujua. Na kwa udongo, watafiti wa Uswisi, Cuba na India, wakiwemo Karen Scrivener na Fernando Martirena, wamesukuma mbele saruji yenye klinka nusu tu: nusu iliyobaki ni udongo uliochomwa, asilimia 30, mawe ya chokaa yasiyochomwa, asilimia 15, na jasi. Udongo huchomwa kwa nyuzi 800 hivi, na kinachotoka ndani yake ni mvuke wa maji. Hewa ukaa inapungua kwa asilimia 30 hadi 40. Udongo unaofaa ni ule wenye kaolini, na hauhitaji kuwa safi kama wa kutengenezea vyombo. Hata ule unaotupwa machimboni kwa kuwa na mchanga mwingi unaweza kutosha. Pale Pugu, Kisarawe, pua na mdomo na Dar es Salaam, kuna kilima cha kaolini ambacho watu hukijua zaidi kwa mapango na popo wake. Kama ningekuwa na fedha ya utafiti ya mradi mmoja tu, ningeipeleka Pugu, na majivu ya mpunga ningeyaachia wenyeji wa mpunga.

Kifusi ni habari nyingine. Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kandokando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara ili ipanuliwe, tuliona zege kwa malori likiishia mabondeni, wakati kina mama wa Kunduchi Mtongani wakiendelea kuponda mawe kwa nyundo kupata kokoto. Kifusi kikipondwa na kuchekechwa kinatoa kokoto nzuri. Lakini jiwe lake limevaa saruji ya zamani inayokunywa maji kama chungu kipya, kwa hiyo liloweshwe kwanza. Ukibadilisha asilimia 30 ya kokoto, nguvu haipungui kwa kiasi cha kukuumiza kichwa. Ukibadilisha zote, tarajia kupoteza hata robo. Kifusi cha nyumba ya ufukweni kimebeba chumvi, na chumvi hiyo inahamia kwenye nondo mpya. Kifusi chenye dari za jasi kitavimba na kupasua zege kutoka ndani. Anayekusanya kifusi bila kuuliza kilitoka wapi ananunua ugonjwa wa mwenzake.

Tena tuseme ukweli: kokoto za kifusi hazipunguzi hewa ukaa kwa kiasi cha kujivunia, kwa sababu saruji iko palepale, na mara nyingine inaongezwa ili kufidia udhaifu. Faida yake iko kwingine. Iko kwenye vilima visivyochimbwa, madampo yasiyojaa, na mito isiyokombwa mchanga. Waliokomba mchanga wa mito inayoshuka Mbezi na Tegeta walikuwa wakikomba chakula cha fukwe za Kunduchi, na bahari ikaja kudai.

Chupa za vioo nazo zina maajabu yake. Thomas Stanton, mhandisi wa California, alieleza mwaka 1940 jinsi silika ya baadhi ya mawe inavyogombana na ukali wa saruji, ikatengeneza ute unaonyonya maji na kulipasua zege miaka mingi baadaye. Vipande vya kioo vya milimita chache huleta ugomvi huohuo. Kioo hichohicho kikisagwa kuwa unga laini kuliko saruji kinakuwa pozolana na kuuzuia. Basi ama usage kweli, ama uache.

Kuhusu plastiki nina maneno machache na si ya upole. Vigae vya njia vinavyotengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na mchanga, kama vile vya Nzambi Matee jijini Nairobi, ni biashara njema, lakini havina saruji, si zege. Plastiki iliyokatwakatwa na kutiwa ndani ya zege la nyumba haishikani na saruji, inapunguza nguvu, na moto ukitokea inaungua. Siku jengo litakapobomolewa, tutakuwa na kifusi kisichoweza kupondwa tena bila kutawanya plastiki. Huko ni kuficha taka ukutani. Mpira wa matairi ninauweka karibu na hapo. Na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua dhahabu, kutoka Geita na kwingineko, yale yaliyopitiwa na zebaki, yasiingie kwenye tofali la nyumba ya mtu bila kipimo cha maabara. Mchanga ni mzuri machoni, najua. Mtoto analala ndani ya nyumba ile.

Nirudi kwenye nondo, kwani hapo ndipo uimara unapoamuliwa. Zege jipya lina ukali wa chokaa, pH ya zaidi ya 12, na katika ukali huo nondo haishiki kutu. Maadui ni wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari, inayopenya mpaka kwenye chuma. Wa pili ni hewa ukaa ya angani, inayoingia taratibu na kuila chokaa mpaka ukali unashuka chini ya 9 na chuma kinabaki bila kinga. Kutu ikianza huvimba, inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, na zege linabanduka.

Pozolana inawashughulikia maadui hawa kwa njia zinazopingana. Kwa kuwa inaziba vinjia, chumvi inapita kwa shida. Kwa hiyo nguzo ya gati ya Kigamboni au Mtwara inapata faida kubwa. Lakini kwa kuwa imekwishakula chokaa, hewa ukaa ikiingia haina cha kuizuia sana, inasonga haraka kuelekea kwenye chuma. Hali mbaya ni ya hewa isiyo kavu kabisa wala yenye unyevu mwingi, na zege jembamba juu ya nondo. Majivu yaleyale yaliyomlinda mtu wa pwani yanaweza kumtia hasara mtu wa Dodoma au Nairobi ambaye fundi wake aliacha milimita 10 za zege juu ya nondo pale palipotakiwa 25. Ndiyo maana namwogopa mtu anayeuza mchanganyiko mmoja kwa nchi nzima.

Kwa nini nasisitiza uimara katika mhadhara wa mazingira? Kwa sababu ya hesabu hii fupi. Zege la kawaida lipeni alama 1 ya uchafu. Zege la taka lenye asilimia 30 pungufu lina alama 0.7. Likidumu miaka 25 badala ya 50, mtajenga mara mbili, nanyi mmefikia 1.4. Mmechafua zaidi huku mkijisifu.

Na kinachoamua kama litadumu ni maji ya baada ya kumwaga. Nilisema nitarudia. Pozolana hufanya kazi wiki kwa wiki na inahitaji unyevu muda wote huo. Zege la saruji tupu likimwagiliwa siku 7 linajikongoja. Lenye pozolana nyingi lipewe wiki 2, kwa magunia yaliyoloa, mchanga mbichi au nailoni ya kufunika. Mirunda ya zege la ghorofa isitolewe kwa kalenda ya zamani. Mchemraba wa maabara usihukumiwe kwa siku 28 peke yake; upimwe tena siku ya 56 au ya 90. Bila haya, majivu yanabaki vumbi ndani ya zege, na ngozi ya juu, ambayo ndiyo ngao ya nondo, inakuwa dhaifu kuliko sehemu nyingine zote.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Hakuna aliyelaumu majivu. Zege letu linaharibiwa na vitu vya kawaida: idadi ya ghorofa kuzidi kibali, saruji iliyopunjwa, maji yaliyozidi wakati wa kuchanganya na kukosekana wakati wa kumwagilia. Ukileta taka katika saiti ya namna hiyo utaongeza jina jipya kwenye orodha ya visingizio.

Wahandisi na wakadiriaji majenzi, ombi langu ni kwenu, na ni dogo. Katika mchanganuo wa gharama mnaouandika, kumwagilia zege huwa kumefichwa ndani ya bei ya zege, kwa hiyo hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo na hakuna anayeifanya. Kuanzia kazi yenu inayofuata, iandikieni mstari wake peke yake: idadi ya siku, lita za maji, magunia, na ujira wa kibarua atakayekuja Jumapili. Mkishaandika hivyo, niiteni nije na majivu.